Kukata mfupa wa muundi kabla ya kuunga ACL kwa mara ya tatu: kuna ulazima?

Mwalimu wa Zamu (Morogoro)

Habari zenu. Nina umri wa miaka 27, ni mwalimu wa sekondari, na tangu utotoni nimecheza mpira kama winga wa kushoto. ACL ya goti langu la kulia, yaani ligamenti ya ndani ya goti inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, ilikatika mara ya kwanza miaka minne iliyopita, nikaungwa kwa kano zilizovunwa nyuma ya paja. Baada ya miezi 14, wiki ya kwanza tangu nirudi uwanjani, ilikatika tena nilipogeuka ghafla bila kuguswa na mtu yeyote. Mara ya pili walitumia kano iliyo chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa katika ncha zake mbili, wakanihakikishia kwamba hiyo ni imara zaidi, nayo imedumu miezi 19 tu. Safari hii sikuwa hata uwanjani: nilikuwa nashuka ngazi za ofisi ya walimu nimebeba madaftari ya kidato cha pili.

Daktari wa tatu, niliyempata baada ya kuhangaika sana, hakuanza na ligamenti. Alinipiga picha ya eksirei nikiwa nimesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, kisha nyingine ya ubavuni iliyoonyesha sehemu ndefu ya muundi, akachora mistari kwenye kompyuta na kuniambia kwamba uwanda wa juu wa muundi wangu umeinamia nyuma kwa nyuzi 15 na kwamba nina matege kidogo. Anashauri aondoe kwanza kabari ya mfupa mbele ya muundi na kujaza matundu ya zamani yaliyotobolewa mifupani kupitishia kano, tusubiri mfupa uunge, ndipo arudi kuunga ligamenti katika upasuaji wa pili.

Nimekwama hapo. Kilichokatika ni ligamenti. Kwa nini tukate mfupa ambao haujawahi kunisumbua? Ikiwa mwinamo huo nilizaliwa nao, kwa nini madaktari wawili wa mwanzo hawakuutaja? Na je, matege nayo yanapaswa kunyooshwa, au ni jambo la kuachwa kama lilivyo? Naomba majibu ya waliosomea jambo hili na ya waliolipitia.

Beki Mstaafu

Pole sana, Mwalimu. Mimi ningekimbia. Upasuaji huo wa kukata muundi nimeusikia kwa wazee wenye magoti yaliyolika upande mmoja, ambao wananyooshwa ili wacheleweshe kuwekewa goti la bandia, na wewe hujafika huko. Yupo mchezaji mwenzangu wa zamani aliyeungwa ACL mara ya tatu bila mfupa wake kuguswa, na hadi leo anacheza mechi za maveterani kila Jumapili. Tafuta maoni mengine kabla hujalala juu ya meza.

Mkazi wa Mifupa

Pole, Mwalimu. Niko katika mafunzo ya upasuaji wa mifupa, na kwa kuwa siwezi kulipima goti kwa kusoma maandishi, yachukue haya kama msaada wa kumhoji daktari wako, ambaye kwa jinsi ulivyoeleza anafuata njia inayoeleweka.

Beki Mstaafu yuko sahihi kwamba mkato wa muundi umezoeleka zaidi kwa goti lililolika upande wa ndani, ila huo unalenga kuhamisha uzito kutoka ndani kwenda nje. Uliopendekezewa wewe unabadilisha mwinamo wa mbele na nyuma. Fikiria mkokoteni uliojaa magunia ukiwa umeegeshwa kilimani. Mkokoteni ni fupa la paja pamoja na uzito wote wa mwili ulio juu yake, kilima ni uwanda wa juu wa muundi, ambao kwa kawaida huinamia nyuma kidogo, na kamba inayouzuia mkokoteni usiteleze ni ACL. Kila unapokanyaga, paja hutaka kuteleza kuelekea nyuma, au tuseme muundi husukumwa mbele, kwani ni tukio lile lile likitazamwa kutoka upande wa pili. Kwa watu wengi mwinamo huo ni kati ya nyuzi 5 na 10, na kamba huumudu. Kwenye nyuzi 15 kamba haipumziki, iwe unacheza, unatembea au unashuka ngazi na madaftari, na pandikizi, yaani kano iliyowekwa badala ya ACL, hudhoofika kidogo kidogo hadi siku moja linakatika kwa jambo dogo ambalo mtu huliona kuwa ndilo sababu.

Jambo hili lilipimwa zamani. Henri Dejour na Michel Bonnin wa Lyon, Ufaransa, waliwapiga picha wagonjwa wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba mwinamo ukiongezeka kwa nyuzi 10, muundi husogea mbele milimita 6 zaidi. Na hawakuliona hilo kwenye goti lililoumia pekee, bali hata kwenye goti zima la upande wa pili. Mwaka 2015 David Dejour, mwana wa Henri, na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 9 waliokuwa wanaungwa kwa mara ya tatu, kama wewe, ambao mwinamo wao ulipunguzwa kutoka wastani wa nyuzi 13.2 hadi 4.4, na mapandikizi yao yakadumu kwa muda wote waliofuatiliwa. Wagonjwa 9 ni wachache mno kumtosheleza mtu mwenye shaka, nami siwezi kukulaumu ukiwa na shaka, lakini matokeo hayo yanakwenda sambamba na kile ambacho fizikia ya mkokoteni ingetufanya tutarajie.

Kuhusu madaktari wa mwanzo, ningewatetea nusu. ACL inapokatika mara ya kwanza ni nadra sana mtu kukatwa mfupa hata mwinamo ukiwa mkubwa, kwa sababu mapandikizi mengi ya kwanza hudumu na hakuna sababu ya kumwongezea kijana hatari ya upasuaji mkubwa. Pandikizi la kwanza likikatika, kinachoshukiwa kwanza ni tundu la pajani kutobolewa mahali pasipofaa, nalo kweli ni kosa linalojitokeza mara nyingi. Nusu nyingine siitetei: kabla ya kuunga kwa mara ya pili mwinamo ulipaswa angalau kupimwa, kwani hauhitaji chombo chochote zaidi ya eksirei nzuri ya ubavuni na rula. Wapasuaji wengi huanza kufikiria kabari mwinamo unapofika nyuzi 12 au zaidi kwa mtu ambaye pandikizi lake limekwisha kukatika, hasa kama ni mara ya pili.

Matege ni suala la upande mwingine. Mstari unaochorwa kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu unapaswa kupita karibu na katikati ya goti. Ukipita ndani sana, upande wa ndani wa goti unabeba mzigo usio wake na upande wa nje unafunguka kila hatua, jambo linaloivuta ACL pia. Frank Noyes wa Cincinnati, Marekani, aliyagawa matege ya aina hii katika ngazi tatu: ya mifupa peke yake, ya mifupa pamoja na kulegea kwa ligamenti za nje, na ya tatu ambayo goti pia hupinda kinyumenyume mtu anapolinyoosha. Hapa upo mtego ninaotaka uujue. Njia iliyozoeleka ya kunyoosha matege ni kukata muundi upande wa ndani na kuufungua kama mdomo, na mdomo huo ukifunguliwa sawa mbele na nyuma, mwinamo wa nyuma huongezeka. Ili usibadilike, mwanya wa mbele unatakiwa uwe takriban nusu ya ule wa nyuma. Kwa hiyo daktari akikuambia atanyoosha matege, muulize papo hapo mwinamo utabaki nyuzi ngapi.

Naomba utujibu mambo machache. Goti lako likinyooshwa kabisa, linapinda kinyumenyume? Kabari ya mbele huongeza upindaji huo, na kwa mtu ambaye tayari anapinda zaidi ya nyuzi 10 hivi, wengi huuepuka upasuaji huu. Je, meniskasi zako, zile pedi mbili za gegedu zilizo kati ya paja na muundi, ziko salama? Na matundu ya zamani yamepanuka kiasi gani?

Mwalimu wa Zamu (Morogoro)

Nashukuru sana, Daktari. Nimefungua bahasha ya majibu yangu. Goti linapinda kinyumenyume nyuzi 4, sawa na la kushoto. Ripoti ya siti skani inasema tundu la muundi lina upana wa milimita 15 na la paja milimita 12. Matege yameandikwa nyuzi 3. Kuhusu meniskasi, katika upasuaji wa pili waliondoa sehemu ya nyuma ya ile ya ndani kwa kuwa ilikuwa imechanika vibaya, nami wakati ule nililichukulia kuwa jambo dogo.

Mkimbiaji wa Uasin Gishu

Mwalimu, mimi nimepitia njia hiyo hiyo, ingawa kwangu lilikuwa goti la kushoto na mwinamo wa nyuzi 14. Sitataja hospitali, kwani kuna mambo yaliyonikera na mengine yaliyonipendeza, na yote hayabadilishi ushauri wangu.

Upasuaji wa mfupa uliniuma kuliko ule wa ligamenti kwa siku kama tano za kwanza, kisha ukawa mwepesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu goti lenyewe halikuvimba sana. Nilitembea kwa magongo wiki sita nikiruhusiwa kukanyaga kwa uzito mdogo tu, halafu nikaongezewa uzito polepole kila eksirei ilipoonyesha mfupa unaunga. Ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho ni maisha ya nyumbani. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu mwenye magongo na goti lisilokunja hawezi kukitumia. Ilibidi kaka yangu atoboe kiti cha mbao katikati na kukiweka juu ya shimo, nacho kikawa msaada mkubwa kuliko dawa zote nilizoandikiwa. Ikiwa unaishi ghorofani au unapanda daladala kwenda kazini, lipangie hilo mapema. Pikipiki usiifikirie kabisa.

Nilisubiri miezi saba kabla ya kuungwa ligamenti. Muda huo ulinichosha akili, kwa kuwa watu waliniuliza kila siku kama nimepona nami sikuwa na jibu fupi. Lakini liko jambo moja ninalotaka ulisikie: mwezi wa tano, nikiwa bado sina ACL, goti lilikuwa limeacha kuteleza nikishuka mteremko wa shamba letu. Hapo ndipo nilipoamini hesabu za daktari. Vyuma vilivyoshikilia mfupa vilitolewa siku ile ile ya kuungwa ligamenti, kwa sababu skrubu mojawapo ingezuia njia ya tundu jipya.

Jambo la mwisho ni sigara. Nilikuwa navuta tatu nne kwa siku, na daktari alikataa kunipangia tarehe hadi nilipokaa miezi miwili bila kuvuta, akisema mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga. Nilimwona mkali. Sasa namshukuru.

Mkazi wa Mifupa

Majibu yako, Mwalimu, yamenisogeza upande wa daktari wako kuliko nilivyokuwa mwanzo, na sababu kubwa ni ile meniskasi. Tukirudi kwenye mkokoteni: waendeshaji hawategemei kamba peke yake, huweka na jiwe nyuma ya gurudumu. Sehemu ya nyuma ya meniskasi ya ndani ndiyo jiwe lenyewe. Wewe una kilima kikali, na jiwe limeondolewa. Kuiunga kamba ya tatu bila kugusa kilima ni kuiachia kazi ambayo kamba mbili tayari zimeshindwa. Kwa rafiki yake Beki Mstaafu huenda kilima kilikuwa cha kawaida na kosa lilikuwa mahali pa tundu, na katika hali hiyo kurekebisha tundu kunatosha. Ndiyo maana goti la mtu mmoja halimfundishi mwingine hadi yote mawili yapimwe.

Tundu la milimita 15 linaeleza pia kwa nini hatakufanyia yote siku moja. Pandikizi likiwekwa kwenye shimo pana kuliko lenyewe halishikwi na mfupa. Shimo hujazwa mfupa, na baada ya miezi minne hadi sita hivi huwa limeshaimarika kiasi cha kutobolewa upya. Kwa kuwa kabari inayotolewa ni mfupa wako mwenyewe, wapo wapasuaji wanaoitumia kujazia matundu hayo, na hivyo kupunguza au kuondoa haja ya kuchota mwingine nyongani. Ili kutoka nyuzi 15 hadi karibu 5 kabari huwa na kimo cha milimita 9 au 10 upande wa mbele, nayo huishia bila kitu upande wa nyuma, ambako ganda la mfupa huachwa zima liwe bawaba. Bawaba ikivunjika, uimara hupungua na mfupa huchelewa kuunga. Nyuma yake tu hupita mshipa mkubwa wa damu wa mguu, kwa hiyo mpasuaji hukata huku akitazama eksirei ya moja kwa moja. Hatari nyingine za kuulizia ni maambukizi, damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na uvimbe unaobana misuli ndani ya saa chache za kwanza. Ukipata maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, vidole vikafa ganzi, usisubiri asubuhi.

Kwa matege ya nyuzi 3 mimi ningeyaacha, mradi goti halisukumiki nje unapotembea na ligamenti za nje ziko imara. Kila mkato unaoongezwa ni sehemu nyingine inayotakiwa kuunga.

Kuhusu pandikizi lenyewe, kundi la MARS la Marekani, lililowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200 waliorudia upasuaji huu, lilikuta kwamba waliotumia kano zao wenyewe walikuwa na uwezekano mdogo mara 2.78 wa kukatika tena kuliko waliotumia za watu waliofariki. Umeshatumia mbili, lakini kano ya msuli wa mbele wa paja, juu ya pia ya goti, bado ipo, na hata za mguu wa kushoto. Muulize pia juu ya kuongeza ukanda wa kuimarisha upande wa nje wa goti. Katika jaribio la vijana 618 lililochapishwa mwaka 2020, likiongozwa kutoka Kanada, mapandikizi yaliyoongezewa ukanda huo yalikatika kwa asilimia 4 ndani ya miaka miwili, na yasiyoongezewa kwa asilimia 11. Wale walikuwa wanaungwa kwa mara ya kwanza, lakini sioni kwa nini goti lako lihitaji kinga ndogo kuliko lao.

Fizio wa Tanga

Naongeza machache kwa upande wa mazoezi, maana naona wote mmelala kwenye mfupa. Mwalimu, muda wa kusubiri kati ya upasuaji na upasuaji usiutumie kukaa. Msuli wa mbele wa paja hunywea haraka sana, na wewe umeshaupoteza mara mbili. Lenga goti linyooke sawasawa na jingine, na msuli huo ufikie walau asilimia 90 ya nguvu za mguu usioumia kabla ya kurudi uwanjani. Ila usiongeze uzito wa kukanyaga kabla daktari hajaona eksirei, hata ukijisikia mzima kiasi gani. Mfupa hauumi kila wakati unapochelewa.

Nimeona umerudi mpirani ukakatika wiki ya kwanza. Ni nani aliyekupima siku ile? Utafiti wa Norway na Marekani uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi mtu alioahirisha kurudi, hadi kufikia miezi 9, uwezekano wa kuumia tena ulipungua kwa asilimia 51. Kwa goti linaloungwa mara ya tatu mimi huwaambia watu mwaka mzima baada ya ligamenti, na hata hapo tunapima kuruka kwa mguu mmoja kabla ya kalenda kutazamwa.

Beki Mstaafu

Nimesoma yote. Nafuta neno langu la kukimbia, ila la kutafuta maoni mengine nalibakiza.

Mwalimu wa Zamu (Morogoro)

Fizio, hakuna aliyenipima. Nilihesabu miezi tu. Na Beki, nilifuata ushauri wako. Wiki iliyopita nilipeleka picha zangu kwa mpasuaji mwingine Dar es Salaam bila kumwambia mwenzake alisema nini. Alipima mwinamo mara mbili akapata nyuzi 14, akauliza swali lile lile la meniskasi, kisha akasema matege yaachwe. Tofauti yao ni nyuzi moja na aina ya chuma.

Nimerudi kwa daktari wangu na maswali yenu yakiwa kwenye karatasi. Ameniambia analenga mwinamo wa nyuzi 5, atatumia kabari yenyewe kujazia tundu la muundi, na kwa ligamenti atatumia kano ya juu ya pia ya goti pamoja na ukanda wa nje. Mkuu wa shule amekubali nianze likizo shule zikifungwa Desemba. Mkimbiaji, kile kiti cha kaka yako kilikuwa na kimo gani? Fundi seremala anakuja Jumamosi.

Mkimbiaji wa Uasin Gishu

Sentimita 45, na awekee mikono ya kushikilia pande zote mbili. Changu hakikuwa nayo, na usiku wa kwanza nilijuta.